Hesabu ya Chavua ya Atlanta: Namba Moja ya Kutisha na Majina Yaliyo Chini Yake

Nilihamia Clarkston, mji mdogo ulio mashariki mwa Atlanta katika jimbo la Georgia, nikitokea Arusha, na kwa miaka miwili ya mwanzo niliwacheka kimoyomoyo wenyeji waliokuwa wakitembea na leso puani kila ufikapo mwezi wa Machi. Mwaka wa tatu zamu yangu ikafika. Niliamka macho yakiwasha kana kwamba yametiwa pilipili, pua inachuruzika maji, na chafya zikafuatana kumi, kumi na mbili, hata nikashindwa kushika usukani wa gari ninalolitumia kupelekea vifurushi. Daktari alinieleza kwamba hali yangu si ya ajabu, kwa kuwa mwili hauwezi kuzua mzio, au aleji kama wengi tunavyoiita, dhidi ya kitu usichokijua. Hukutana nacho kwanza, hukitengenezea silaha kimyakimya kwa msimu mmoja au zaidi, kisha vita huanza. Wageni wengi hupata mapumziko hayo mafupi, na wengi hudhani kwamba wamesalimika.

Huduma ninayoipima katika tathmini hii ndiyo niliyoanza kuitegemea tangu mwaka huo, nayo ni hesabu ya chavua inayotolewa na Atlanta Allergy & Asthma, kundi la kliniki za mzio na pumu ambalo huiweka kwenye tovuti yake bila malipo. Namba zake ndizo ambazo vituo vya televisheni na magazeti ya mji hunukuu kila majira ya kuchipua. Kituo chake cha kuhesabia kimeidhinishwa na National Allergy Bureau, chombo kilicho chini ya chama cha madaktari wa mzio wa Marekani, na maana ya idhini hiyo ni kwamba wanaohesabu wamefanyiwa mtihani wa kutambua punje za chavua kwa hadubini. Jambo hili ni la msingi, na nitalirudia nitakapofika kwenye programu za simu, kwa sababu nyingi kati ya hizo hazina mtu yeyote aliyeinama juu ya hadubini.

Kazi yenyewe ni ya mikono zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Vituo vya aina hii hutumia mojawapo ya mitambo miwili iliyozoeleka. Wa kwanza huzungusha vijiti vyembamba vilivyopakwa mafuta mazito ili vikwangue hewa na kunasa kinachopita. Wa pili huvuta hewa, kwa kawaida lita 10 kwa dakika, na kuipuliza juu ya utepe unaonata ambao husogea polepole kufuata saa. Baada ya saa 24 mtaalamu hutoa kilichonaswa, hukitia rangi, hukiweka chini ya kioo na kuanza kuhesabu akitenganisha punje ya mwaloni na ya msonobari, ya nyasi na ya gugu, kisha hugeuza hesabu hiyo kuwa idadi ya punje katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kwa hiyo namba unayoisoma asubuhi ukinywa chai inaeleza hewa iliyokwisha kupita. Wanaoifungua wakidhani ni utabiri wa leo wanaikosea huduma hii, na mimi nilikuwa miongoni mwao kwa msimu mzima.

Atlanta ina sababu ya kuhesabu. Karibu nusu ya ardhi ya mji huo imefunikwa na matawi ya miti, kiasi kwamba ukiutazama kutoka ndani ya ndege unaona msitu ambao majengo marefu yamechomoza katikati yake. Miti mingi kati ya hiyo haimtegemei nyuki, bali hutegemea upepo, na mti unaotegemea upepo hauna njia nyingine isipokuwa kumwaga chavua kwa wingi wa kutisha, maana sehemu kubwa itapotelea kwenye paa za magari na katika pua za watu. Tarehe 29 Machi 2025 kituo hiki kiliandika punje 14,801 kwa kila mita ya ujazo, namba kubwa kuliko zote katika kumbukumbu zake. Rekodi iliyokuwapo kabla yake ilikuwa 9,369, ya tarehe 20 Machi 2012. Mtu mzima huvuta kiasi cha mita 10 za ujazo za hewa kwa siku au zaidi kidogo, kwa hiyo aliyekaa nje saa zote 24 siku ile alikaribisha mwilini mwake punje zipatazo laki moja na nusu.

Jirani yangu, mama mmoja kutoka Bukavu ambaye huniita mwanangu ingawa hatukupishana miaka mingi, alikuwa akifagia kibaraza chake wikendi ile. Alikusanya unga wa manjano ukajaa kizoleo, akaniita nitazame. "Mwanangu, hii vumbi ndiyo inatumaliza," akaniambia, nami nikamwitikia kwamba ndiyo, Mama, ndiyo yenyewe. Sote wawili tulikuwa tumekosea.

Unga ule wa manjano unaofunika magari, madimbwi na migongo ya mbwa ni chavua ya msonobari kwa sehemu kubwa. Punje yake ni kubwa, ina vifuko viwili vya hewa vinavyoisaidia kuelea, na huonekana kwa macho inapojikusanya, lakini ni mara chache sana kumletea mtu mzio. Wanaotuumiza ni mwaloni, betula, mforsadi na wengineo ambao punje zao ni ndogo zaidi na huchanganyika na ile ya msonobari bila kujitangaza. Vivyo hivyo maua meupe ya dogwood na azalia nyekundu zinazopigwa picha na kila mtu mwezi wa Aprili hazina hatia kubwa, kwa sababu chavua yake ni nzito, inanata na husafirishwa na wadudu. Nyumbani Arusha tuliulaumu mjakaranda kwa mafua ya mwezi wa Oktoba kwa sababu hiyohiyo ya kuonekana, na sasa naamini kwamba tuliuonea.

Hapo ndipo ubora wa huduma hii unapojitokeza, na ndipo pia watumiaji wake wengi wanapoupita bila kuuona. Juu ya ukurasa kuna namba moja kubwa ya jumla, lakini chini yake miti na magugu yanayoongoza siku hiyo hutajwa kwa majina, na nyasi na kuvu navyo huonyeshwa vilipofikia katika kiwango. Televisheni huichukua namba ya juu na kuacha majina. Mtu aliyepimwa akajulikana kwamba adui yake ni mwaloni anaweza kuiona siku ya punje 3,000 zilizotawaliwa na msonobari akaivuka salama, kisha akalazwa kitandani na siku ya punje 900 ambayo mwaloni umetajwa wa kwanza. Kwa kigezo changu, ukurasa huu ungekuwa na thamani hata kama ungeiondoa kabisa namba ya jumla na kubakiza majina.

Viwango navyo vinahitaji kusomwa kwa makini. Kwa chavua ya miti, punje 0 hadi 14 huitwa kiwango cha chini, 15 hadi 89 cha wastani, 90 hadi 1,499 cha juu, na kuanzia 1,500 ni cha kupindukia. Kwa nyasi mizani ni nyingine kabisa, kwani 5 tu hadi 19 ni wastani, 20 hadi 199 ni juu, na 200 ni kupindukia. Magugu yana yake pia, ambayo huingia katika kiwango cha juu kuanzia punje 50. Mizani hizi zilipatikana kwa kulinganisha vipimo vya vituo vingi vya Marekani, ili "juu" iwe na maana ya juu kuliko siku nyingi za vituo vingi. Hazikutokana na kumuuliza mgonjwa anaumwa kiasi gani. Wapo wanaopiga chafya punje za nyasi zikiwa 8, na wapo ambao punje 2,000 za mwaloni haziwagusi.

Matokeo yake ni mtego unaojirudia kila mwaka. Mwezi wa Mei, baada ya wiki za maelfu, namba ya jumla hushuka hadi makumi, watu hufungua madirisha, na mji mzima hujihisi umepona. Lakini ikiwa katika hizo 60 zilizobaki 25 ni za nyasi, basi kwa mwenye mzio wa nyasi siku hiyo imekwisha kuingia katika kiwango cha juu. Mimi mtego wangu ulikuwa wa Septemba. Nilikuwa nimezoea kuogopa namba zenye tarakimu nne, nikaona tarakimu mbili, nikaendesha gari siku nzima madirisha yakiwa wazi katika barabara zenye magugu marefu pembeni. Jioni nilikuwa sioni vizuri kwa uvimbe wa kope, na kifua kilianza kutoa mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni.

Kipimo cha ngozi nilichofanyiwa baadaye, kile ambacho daktari hudondoshea matone madogo ya vitu mbalimbali mkononi au mgongoni na kuchoma kidogo kila tone, kilimtaja mkosaji kuwa ni ambrosia, gugu ambalo Wamarekani huliita ragweed na ambalo hutawala kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. (Anayetaka kupimwa akumbuke kuacha dawa za kuzuia mzio siku kadhaa kabla kama atakavyoelekezwa, la sivyo ngozi haitajibu na safari itakuwa ya bure.) Nilipolisoma gugu hilo niliduwaa, kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa gugu karoti, lile lililosambaa pembezoni mwa barabara na mashamba ya Arusha na ambalo huwasha ngozi za wanaoling'oa kwa mikono mitupu. Nilivuka bahari nikakutana na ukoo uleule.

Nije sasa kwenye utabiri, kwa sababu ndicho kitu ambacho watu wengi wanakitafuta na ambacho kituo cha hesabu, kwa tabia ya kazi yake, hakiwezi kukupa kama kinavyokupa idadi ya punje zilizonaswa. Baada ya balaa lile la Septemba nilipakua programu moja ya simu, ambayo sitaitaja jina, iliyoahidi kunionyesha hali ya chavua ya siku tano zijazo hadi kwenye mtaa wangu. Ilikuwa na ramani nzuri na rangi za kuvutia. Kwa muda wa wiki mbili niliandika katika daftari ilichotabiri, na siku iliyofuata nikaandika kilichohesabiwa. Kulikuwa na siku tatu ambazo programu ilionyesha kijani wakati kituo kimeandika magugu katika kiwango cha juu, na katika mojawapo sikumeza dawa kwa kuiamini. Wiki mbili na daftari moja si utafiti, nakiri. Hata hivyo ukielewa jinsi programu za namna hiyo zinavyofanya kazi hutashangaa sana, kwa maana nyingi hukadiria kwa hesabu za kompyuta kutokana na kalenda ya mimea, ramani za uoto, joto, upepo na mvua, na rangi inayopakwa juu ya mtaa wako haina maana kwamba kuna aliyepima hewa ya mtaa wako.

Hiyo si sababu ya kuutupa utabiri wote. Mimi hivi sasa huunganisha vitu vitatu, na muungano huo umenifaa kuliko programu yoyote. Kwanza nasoma hesabu ya asubuhi ili nijue ni mimea ipi imeanza kumwaga, kwa kuwa mwaloni ulioanza jana hauachi leo. Pili nasoma utabiri wa kawaida wa hali ya hewa, nao ndio unaoamua zaidi. Siku kavu, yenye joto na upepo baada ya usiku wa baridi itapandisha idadi, na mvua ya kutwa itaisafisha hewa, ingawa ngurumo na upepo wa mwanzo wa dhoruba vinaweza kuivuruga hewa kwanza na ni vibaya kwa mwenye pumu. Tatu natazama kalenda ya miaka iliyopita, ambayo tovuti hii imeihifadhi siku kwa siku ikiwa na namba na rangi, na ambayo kwa maoni yangu ni hazina isiyosifiwa vya kutosha.

Kalenda hiyo ndiyo iliyonifundisha kuanza dawa mapema. Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi haifanyi kazi kama ya maumivu ya kichwa. Huhitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kufikia nguvu zake, na ndiyo maana madaktari hushauri ianzwe kabla ya msimu. Ukiangalia wiki ambazo mwaloni au ambrosia imepanda miaka minne au mitano mfululizo, utajua tarehe ya kuanza kupuliza bila kungoja chafya ya kwanza. Kuhusu vidonge, wengi wetu tumekua tukiijua Piriton, ambayo huzuia mzio na pia humlaza mtu usingizi. Kwa dereva kama mimi haifai, na mfamasia alinielekeza kwenye setirizini nikaijaribu kwanza siku ya mapumziko, kwa kuwa nayo huwasinzisha baadhi ya watu.

Kalenda inaonyesha pia jambo pana zaidi ya pua yangu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia takwimu za vituo 60 vya Amerika ya Kaskazini, uligundua kwamba kati ya mwaka 1990 na 2018 msimu wa chavua ulifikia kuanza mapema zaidi kwa siku zipatazo 20 na kiasi cha chavua kikaongezeka kwa asilimia 21, na joto linaloongezeka duniani likatajwa kuwa sababu kubwa. Hayo yasingejulikana bila watu wa hadubini waliohesabu kila siku kwa miaka mingi, kazi ambayo haina shangwe yoyote na ambayo kompyuta haiwezi kuirudisha nyuma ikafanya kwa siku zilizokwisha kupita.

Udhaifu upo, na sehemu kubwa unatokana na aina ya kazi yenyewe. Mji wa Atlanta na vitongoji vyake ni mpana mno, na kituo kimoja hakiwezi kusema kitu cha hakika kuhusu uwanja wa nyasi ulio nyuma ya nyumba yako au mwaloni unaoinamia dirisha lako. Namba ya saa 24 huficha saa, kwa hiyo haikuambii kwamba asubuhi ilikuwa mbaya na jioni ilikuwa afadhali. Namba ya jumla, kwa jinsi ilivyo kubwa, huyavuta macho yasishuke chini. Na majina ya miti, ambayo ndiyo kiini cha huduma, hayamwambii kitu mtu aliyekulia kwenye miembe na mikaratusi. Mimi mwenyewe nilitembea na simu mkononi katika bustani ya jirani nikilinganisha majani na picha kabla sijajua mwaloni unafananaje, na nilishtuka kukuta kwamba ndio uliokuwa ukinipa kivuli cha kuegeshea gari.

Kwa hesabu naipa nyota tano, kwa kalenda nyota tano, na kwa mtu anayetafuta utabiri mtupu wa kesho naipa nyota tatu, nikimwonya kwamba nyota hizo tatu ni za kweli kuliko tano za programu nyingi zenye ramani za rangi. Bei yake ni bure, na haihitaji kujiandikisha.

Kwa jirani yangu niliandika karatasi moja kwa Kiswahili, nikaibandika kwenye friji yake: mwaloni, msonobari, betula, mforsadi, nyasi, ambrosia, na mbele ya kila jina neno la Kiingereza linalotokea kwenye tovuti pamoja na miezi yake. Yeye naye alikwenda kupimwa, na aliporudi alipiga mstari chini ya mwaloni na kuufuta msonobari kwa kalamu nyekundu. Bado anafagia ule unga wa manjano kila Machi, ila siku hizi haunungunikii, na asubuhi nikipita na vifurushi vyangu huniuliza kutoka kibarazani, "Mwanangu, leo wameandika mti gani?"